Rangi Isiyotoka

Rafiki yangu, fundi wa kadi za mkono, alikuwa akikata kadi ya kumbukumbu ya nyumbani, yenye alama za viganja vya wanawe watatu. Walikuwa wamevichovya asubuhi kwenye rangi ya bluu, ile isiyotoka hata kwa sabuni. Simu ikaita.

“Mama, jikaze. Binti yako amegongwa na gari. Njoo hospitali.”

Kabla hajainuka, umeme ukakatika. Mlango ukalia kwiii.

“Mama, nina njaa,” sauti ya binti yake ikasema gizani.

Akamlaani mpiga simu, akawasha mshumaa, akapakua chakula, akahesabu vichwa. Wote watatu wapo.

“Naweni, enyi mabluu!” kaka mtu akatania.

Wakakinga mikono chini ya birika aliloshika mama yao. Simu ikaanza kuita tena, naye hakuweza kuipokea wala kulitua birika. Viganja vya wavulana vilikuwa bluu. Vya binti havikuwa na hata tone.