Jiwe Moja Juu ya Kilima

Kila siku akirudi kutoka shule, Chiriku alivua viatu, akakunja sketi na kuingia kwenye udongo. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kuukanyaga udongo wa baba yake mpaka ulainike, na kuzitafuta kokoto kwa vidole vya miguu. Kokoto moja ikisahaulika, chungu hupasuka tanuruni. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo la ndege alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

"Kanyaga kwa miguu, mama, si kwa ulimi," baba yake humwambia.

Baba alifinyanga vyungu vya kupikia. Mkewe alikuwa amefariki, naye aliwalea peke yake Chiriku na dada yake wa miaka kumi na minane. Ng'ambo ya uchochoro waliishi wafinyanzi wa mitungi ya maji. Mwenye nyumba hiyo, Mama Mitungi, alikuwa na sauti ya kutoboa ukuta, mashemeji wawili wenye mabega mapana, na mtoto mmoja tu wa kiume, kijana wa miaka kumi na tisa aliyeitwa Mrefu.

Nyumba hizo mbili hazikusalimiana. Asubuhi Mama Mitungi akifagia, vumbi lilivuka uchochoro. Jioni Baba akimwaga maji machafu, maji nayo yalijua njia ya kupita.

"Mtu wa mitungi akikupa maji," Baba alizoea kusema kwa sauti ya kusikika ng'ambo, "kwanza mpe paka."

"Na mtu wa vyungu akikualika chakula," alijibiwa, "shiba kwenu kwanza. Chungu chenyewe kinavuja."

Chiriku alicheka, kwa sababu maneno yalichekesha. Hakujua bado kwamba chuki huanza kwa kuchekesha.

Ugomvi ulitoka kilimani, nyuma ya nyumba zote mbili, kwenye udongo mweusi unaonata kama gundi. Zamani babu zao waliuchimba pamoja, kwa zamu, kutoka juu kushuka chini, ngazi baada ya ngazi. Sheria ilikuwa moja: usichimbe miguu ya kilima. Kisha ofisi ikaamua kwamba kilima lazima kigawanywe. Afisa akaja na kamba, akapima, akala chakula cha mchana, akasimika jiwe moja juu kabisa. Akasema atarudi kusimika la pili huku chini. Huu ulikuwa mwaka wa sita. Baba alikwenda ofisini mara tatu, na mara zote aliambiwa mheshimiwa yuko mkutanoni.

"Labda mkutano huo bado unaendelea," Baba alisema.

Jiwe moja halifanyi mstari. Kila nyumba ilichora mstari wake, na kila mstari ulipita kwenye udongo mzuri wa mwenzake. Juu walionana, wakatukanana. Kwa hiyo wakahamia chini. Kila upande ulichimba pango lake kilimani, haraka haraka, ili uufikie udongo mzuri kabla ya jirani. Kati ya mapango hayo mawili ukabaki ukuta mwembamba. Ukuta huo ndio uliobeba mgongo wote wa kilima, na hakuna aliyeufikiria.

Ijumaa moja, baada ya siku mbili za mvua, Dada alimwita Chiriku nyuma ya tanuru. Alimpa kigae, kipande cha chungu kilichovunjika, kimekwaruzwa maneno kwa msumari: Kesho saa tisa, pangoni. Nitakuja na nguo.

"Mpelekee Mrefu. Kitie kwenye rundo lao la vigae, kama kawaida."

Chiriku alikuwa amekwisha kupeleka vigae sita, na kila alipopeleka alijiona mtu mkubwa mwenye siri. Hiki cha saba kilimtia baridi.

"Nguo za nini?"

"Kuna basi la saa kumi na moja. Tunaondoka."

"Na Mrefu? Si mmeanza kupendana wiki tatu tu, Dada."

"Kwani mapenzi yana kalenda?"

"Hata chungu hakikauki wiki tatu, mvua ikinyesha."

"Udongo uwahi ungali maji," Dada alijibu kwa kiburi. "Nikingoja, Baba atajua. Unamjua Baba. Na yule mama yake Mrefu atanikata masikio." Akamshika mkono. "Tunakutana mle ndani, hakuna anayetuona. Mrefu ametoboa ukuta wa kati, mtu anapita. Apa kwamba hutasema. Ukisema, mimi si dada yako tena."

Chiriku aliapa. Jioni hiyo alileta jibu, kigae cha mtungi, akakitia mfukoni ili ampe dada yake: Nitakuwepo. Tusirudi nyuma. Dada alikisoma mara mbili, akamrudishia akakitupe. Chiriku akasahau kukitupa.

Jumamosi saa tisa, Baba alikuwa tanuruni. Chiriku alikuwa ndani ya udongo, anakanyaga pasipo kuhesabu kokoto. Ndipo aliposikia mlio mzito, kama gunia kubwa lililoangushwa ghalani. Kuku wote wakanyamaza.

Alikimbia hadi nyuma ya nyumba. Mdomo wa pango lao haukuwepo tena. Palikuwa na udongo mbichi tu, unaoteremka polepole. Upande wa pili ulikuwa vivyo hivyo.

Baba alifika akihema. "Nani alikuwa huku? Dada yako yuko wapi?"

Chiriku alifungua mdomo. Aliona uso wa Dada, akasikia kiapo chake mwenyewe.

"Amekwenda kwa shangazi," akasema.

"Afadhali," Baba alisema, akaanza kupanda kilima.

Akina mitungi walikuwa wamekwisha kufika juu, Mama Mitungi mbele na mashemeji nyuma yake wakiwa na majembe. Kwenye jiwe la mpaka ardhi ilikuwa imepasuka ufa wa kuingia mkono.

"Umefurahi, baba wa vyungu?" Mama Mitungi alimpokea. "Umechimba mpaka umekula kwetu."

"Nani aliyekula? Tumbo la pango lenu limefika uvunguni mwa kitanda changu."

"Wewe ni mwizi tangu kwa babu yako."

"Babu yangu alimfundisha babu yako kushika udongo. Kabla ya hapo alikuwa anashika nini? Anashika foleni."

"Rudia," shemeji mmoja akasema, akasogea.

"Nirudie, kwani we kiziwi?" Baba naye akasogea. "Acheni kilima kishuke chote. Mtakanda mchanga."

Walisukumana. Shemeji alipiga jembe chini kwa hasira, Baba akatanguliza mguu, na Chiriku, aliyekuwa amewafuata mbio, akaona ule ufa ukipanuka. Punje za udongo zilitiririka na kupotea mle ndani. Akatambua wamesimama wapi. Wanne hao walikuwa wanarukaruka juu ya vichwa vya watoto wao.

"Mnawakanyaga," alisema.

Hakuna aliyemsikia. Akapita kati ya jembe na baba yake.

"Mnawakanyaga! Dada yumo chini. Na Mrefu. Wamo wote wawili."

Shemeji akashusha jembe.

"Mwongo," Mama Mitungi alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua. "Mrefu nimemtuma sokoni. Mwanangu afanye nini na mtu wa kwenu? Mmemfundisha huyu mtoto maneno."

"Umesema yuko kwa shangazi," Baba alimwambia Chiriku.

"Nilidanganya, Baba."

Hapo ndipo uongo ulipomchoma, kwa sababu sasa alikuwa na ukweli mkononi na hakuna aliyeutaka. Alitia mkono mfukoni, akatoa kigae. Mama Mitungi alikichukua. Hakusoma maneno, macho yake yalikwenda pembeni, kwenye mikwaruzo mitatu na nukta. Ilikuwa alama ambayo Mrefu aliiweka kwenye shingo ya kila mtungi aliofinyanga tangu utotoni.

"Mkono wa mwanangu huu," akasema. Akakaa chini na kigae mkononi.

"Shuka hapo, mama," Baba alimwambia upesi. "Sote tushuke. Polepole."

Walipofika chini, mashemeji walikimbilia upande wao wakaanza kulipiga jembe pango. Udongo ulishuka mara mbili ya ule walioutoa.

"Chimbeni kwenu na mimi nichimbe kwangu," Baba alifoka, jasho likimtoka.

"Kwenu, kwetu," Mama Mitungi alisema. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni na kushika jembe. "Ukuta wa kati ndio uliokuwa na tundu. Kama wako hai, wako katikati. Katikati ni kwa nani? Niambie."

Baba alikitazama kilima kama mtu anayekiona kwa mara ya kwanza. "Kutoka juu," alisema hatimaye. "Kama wazee. Ngazi kwa ngazi, tunalala juu ya mbao ili tusiuponde udongo ulio juu yao. Lakini jiwe liko njiani."

"Jiwe la serikali," shemeji mmoja alinong'ona. "Kuling'oa ni kesi."

"Serikali yenyewe iko mkutanoni," Baba alisema. Akaegemeza mbao zake za kukaushia vyungu, akapanda kwa tumbo, akalikumbatia jiwe kama mtoto na kuling'oa. Mama Mitungi alilipokea kutoka mikononi mwake. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka sita vidole vyao kugusana.

Wakachimba. Udongo ulipita kwa karai, kutoka kwa Baba kwenda kwa shemeji, kwenda kwa Mama Mitungi, kwenda kwa Chiriku. Hata wakati huo hawakuacha kugombana. "Shika vizuri, wewe." "Nimeshika, macho huna?" Lakini karai halikusimama. Kila baada ya muda Baba aliinua mkono, wakanyamaza, wakasikiliza. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili hakuna kitu. Chiriku alihesabu dakika alizozipoteza kwa uongo wake. Zilikuwa kama kumi, na kila moja aliiona ikiwa na uzito wa karai lililojaa.

Mara ya tano walisikia kitu kinagonga. Kilikuwa kigae, kinagongwa juu ya jiwe.

Walimtoa Dada kwanza, uso mweusi kwa udongo, amekumbatia mfuko wa nguo. Kisha Mrefu, mguu umevunjika chini ya goti. Ubao mmoja wa zamani ulikuwa umewakingia nafasi ndogo kwenye lile tundu, nafasi ya watu wawili kupumua, na pumzi ilikuwa inakaribia kwisha.

Mama Mitungi alimkumbatia mwanawe, akampiga kofi, akamkumbatia tena. Baba alikaa pembeni na kulia bila kujificha. Dada alipomwona Chiriku alisema kwa sauti ya kukwaruza, "Umesema."

"Nimesema," Chiriku alijibu. "Kama wewe si dada yangu tena, basi."

Dada akamvuta, akamshika mpaka mifupa ikamuuma.

Siku ya tatu afisa alifika, viatu vinang'aa, faili kwapani. Miaka sita hakuonekana. Sasa alikuja mbio. Hakuuliza nani aliumia. Aliuliza nani aliyeng'oa jiwe.

"Sisi," alisema Mama Mitungi, amesimama mlangoni kwa Baba, mtungi wa maji begani.

"Sisi akina nani?"

"Sisi wote," Baba alisema. "Andika hivyo. Na andika kwamba kilima hakihitaji jiwe la pili."

Afisa aliandika kitu, akaenda zake. Mama Mitungi alitua mtungi chini. "Nimeleta maji. Sijaleta urafiki. Wewe bado mtu mbaya."

"Nawe bado una kelele," Baba alijibu. "Kaa."

Dada na Chiriku walikuwa wameketi kwenye mkeka. Baba akakaa mbele yao.

"Yule bwana alituletea jiwe moja, na mimi nimemlaani miaka sita. Anastahili. Lakini hakunituma nichimbe miguu ya kilima. Hiyo ni chuki yangu na ya huyu mama, na watoto wetu ndio walioingia katika shimo tulilochimba." Akamgeukia Dada. "Chiriku ameniambia ulisema udongo uwahi ungali maji. Kweli. Uwahi uufinyange. Lakini ukiutia motoni ungali maji, unapasuka, na mwenye haraka huokota vigae. Ngoja mwaka mmoja. Mrefu akipona mguu, na akitaka, njia ni hii: mlangoni, mchana, apige hodi. Nitaitika kwa hasira, lakini nitaitika."

Dada aliinamisha kichwa. "Ndiyo, Baba."

"Nawe Chiriku. Umesema maneno mengi maishani mwako, na siku ya neno moja la maana ukalificha dakika kumi. Siri inayoweza kumuua mtu si siri, mwanangu, ni ugonjwa. Mficha maradhi kilio humfichua. Siku nyingine mtu akikuapisha hivyo, kimbia moja kwa moja kwa mtu mzima. Hata kama mtu mzima mwenyewe ni mjinga kama mimi."

Mama Mitungi alimimina maji katika kikombe, akampa Baba. Kwa mazoea aligeuza macho kumtafuta paka. Paka alikuwa amelala juani juu ya jiwe la mpaka, ambalo sasa lilikuwa limewekwa mlangoni kuzuia mlango usijifunge.

Baba akayanywa yote.