Vuta Kamba

Kwa maneno, hakuna anayeniweza mtaani kwetu. Mimi ni kinyozi. Wateja wananiita Wembe, na si kwa sababu ya kunyoa. Mkono wangu hunyoa kichwa kimoja, mdomo wangu hunyoa benchi zima. Tena nasema wazi: wa kuionea familia yangu bado hajazaliwa.

Kumbe alikuwa amezaliwa zamani. Alikuwa darasa la sita, kiranja, na alikaa dawati la nyuma ya mdogo wangu.

Mdogo wangu huyo wa kike tunamwita Kitinda, maana ndiye kitindamimba. Ana kigugumizi. Neno humkwama kwanza, halafu hutoka. Mama yetu ni dobi. Chumba chetu kimejaa mashati ya watu yaliyotundikwa. Ukitaka kupita, unayasukuma na kuyaomba radhi. Asubuhi Mama hutia makaa kwenye pasi, Kitinda hukunja nguo zilizokauka, na mimi huwatania wote wawili.

Asubuhi moja Kitinda hakutaka kuamka.

"Tumbo," alisema.

Kesho yake ikawa kichwa. Wiki iliyofuata likarudi tumbo.

"Hilo tumbo lina ratiba," nilisema. "Jumatatu linauma. Jumamosi linapona bila dawa."

Hakuna aliyecheka. Mama aliweka pasi pembeni, akamgusa Kitinda shingoni. Hakuwa na homa.

"Mwanangu, kuna nini huko shuleni?"

Kitinda alitazama sakafu. "Wa... wa... wananiita Jenereta."

Kicheko kilinitoka kabla sijakishika. Mama alinitupia jicho, nikameza kilichobaki.

Kitinda alieleza kidogo kidogo. Akisimama kusoma, neno humkwama. Hapo kiranja husema, "Vuta kamba!" Darasa zima hunyoosha mikono na kujifanya linavuta kamba ya kuwashia jenereta. "Vruum! Vruum!" Mwalimu wa darasa hutabasamu. Kisha husema, "Haya, kaa. Asome mwingine." Kitinda akilia, huambiwa ni utani tu.

"Kesho naenda shuleni," Mama alisema.

"Usiende, Mama," nilisema. "Utamwaibisha. Dawa ya neno ni neno. Niachie mimi."

Jioni nilimkalisha Kitinda kwenye kiti changu cha kunyolea, mbele ya kioo. Nikampa jibu: "Mimi nikiwa jenereta, wewe ndiye giza." Alilirudia mpaka likatoka vizuri. Nilipiga makofi. Naye alicheka, maskini.

Siku iliyofuata alirudi na kidevu kilichopasuka. Kola yake ilikuwa na damu.

Wakati wa kutoka, begi likiwa tayari mgongoni, aliitwa Jenereta, akasimama kujibu. "Mimi ni... ni..." Neno likakwama. Darasa likaanza kuvuta. Kiranja akasema, "Leo kamba ya kweli hii hapa!" Akashika mkanda wa begi la Kitinda mgongoni, akavuta. Kitinda akazunguka, akaanguka kifudifudi, kidevu kikagonga pembe ya dawati.

"Na wenzako walifanya nini?" Mama aliuliza.

"Wa... walisema, 'Imewaka!'"

Nilivua aproni. "Naenda kumnyoa huyo kiranja masikio."

"Kaa chini, Wembe," sauti ilisema nyuma ya mashati.

Alikuwa Mama Pacha, jirani yetu, amefuata nguo zake. Yeye ni mjumbe wa kamati ya shule. "Ukimgusa mtoto wa watu, kesi itakuwa yako. Ya mdogo wako itasahaulika."

Mama alikuwa ameshachota maji baridi ili aitoe ile damu.

"Usifue kwanza, dada," Mama Pacha alimwambia. "Hiyo kola tutakwenda nayo."

"Lakini mwalimu wake anasema ni utani."

"Utani ni wa watu wawili," Mama Pacha alijibu. "Nikutanie, unitanie, tucheke wote. Huyu anacheka?"

"Hapana."

"Akilia wanaacha?"

"Hawaachi. Kila siku ni yeye."

"Anayemfanyia ana nguvu kuliko yeye?"

"Ni kiranja," Mama alisema.

"Basi huo si utani, ni uonevu. Na wakimwonea kwa sababu ya kigugumizi, ni ubaguzi pia. Shule ya umma ni ya kila mtoto, anayesema haraka na anayesema taratibu."

"Mimi nilimfundisha kujibu," nilisema.

"Ulimtuma vitani peke yake. Kumlinda mtoto ni kazi yetu sisi watu wazima."

Mama Pacha alikaa chini, karibu na Kitinda. Alimuuliza kimefanyika nini, wapi, na nani aliona. Neno lilipokwama, hakummalizia. Alisubiri. Mwishoni alimwambia, "Si kosa lako. Umefanya vizuri kusema."

Tulianzia zahanati. Kidevu kikashonwa. Kisha tukaenda kwa mwalimu mkuu. Mwalimu wa darasa aliitwa. Alifika akiwa na haraka.

"Haya ni mambo ya watoto tu," alisema. "Tumwite kiranja hapa, washikane mikono, yaishe."

"Hapana, mwalimu," Mama Pacha alisema. "Usimkutanishe na anayemwonea. Kila mtoto asikilizwe peke yake."

"Basi tumhamishe huyu binti mkondo mwingine, apumzike."

Hapo Mama akasimama. Mama yangu huongea na pasi kuliko anavyoongea na watu. Siku hiyo alifungua ile kola juu ya meza.

"Mwanangu ndiye aliyeanguka. Sasa mwanangu ndiye ahame?"

Mimi nilikuwa natafuta neno la kuongezea. Sikulipata.

Mwalimu mkuu aliivuta kola karibu, akaigusa damu iliyokauka. "Na shule ikikaa kimya?"

"Tutakwenda kwenye kamati ya shule," Mama Pacha alisema. "Kamati ikikaa kimya, tutakwenda ofisi ya elimu. Na kwa jeraha kama hili, hata polisi."

"Hamtafika huko," mwalimu mkuu alisema. Akaita wanafunzi, mmoja mmoja.

Aliyesema kweli ni rafiki wa Kitinda, anayekaa naye dawati moja. Alilia sana. "Na mimi nilivuta kamba," alisema. "Niliogopa nisipovuta, wataanza na mimi."

Kiranja alivuliwa ukiranja. Wazazi wake waliitwa, na akaanza kukaa na mwalimu wa ushauri kila wiki. Mwalimu wa darasa alisimama mbele ya wanafunzi wake akasema, "Mlipomcheka mwenzenu, mimi nilitabasamu. Nilikosea." Mwalimu mkuu aliwatangazia wanafunzi wote mwalimu wa kumwendea mtu akionewa, au akiona mwenzake anaonewa. Aliwaambia kwamba kusema si umbea. Na hakuishia hapo. Kila baada ya siku chache alimwita Kitinda na kumuuliza, "Wamerudia?"

Hawajarudia. Tumbo halijauma tena. Kitinda anasoma kwa sauti darasani. Neno likikwama, wenzake wanasubiri.

Kidevuni ana kovu. Hilo halina ofisi ya kuliondoa. Na akitoka shuleni, habari zake humpa Mama, katikati ya mashati. Mimi nikiingia, hunyamaza kidogo, kisha huuliza kama nimekula.

Juzi nilikuwa kazini. Benchi lilikuwa limejaa. Nilikuwa nawasimulia wateja jinsi tulivyokomesha uonevu pale shuleni. Nilisimulia vizuri, na katika masimulizi yangu nilikuwa nimesema mengi mbele ya mwalimu mkuu. Wateja walitikisa vichwa. "Wewe kiboko, Wembe," mmoja alisema.

Mara akapita mzee anayesukuma mkokoteni. Mguu wake mmoja ni mfupi, na hutembea kama anayepanda ngazi. Alipopita tu, niliinuka, kitana mkononi. Nikapinda mguu, nikatembea kama yeye kutoka kwenye kioo hadi kwenye ndoo. Benchi lilipasuka kwa kicheko. Mmoja alijipiga mapaja. Nikageuka nirudie.

Kicheko kilikatika ghafla.

Kitinda alikuwa mlangoni na sare yake ya shule, amebeba taulo zangu zilizofuliwa na Mama. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Aliweka taulo mwisho wa benchi, akazinyoosha kwa kiganja.

"Ka... ka... kaka," alisema. "Shu... shuleni, mtu akifanya hivyo tunamwambia mwalimu. Wewe tu... tukuseme kwa nani?"

Alisubiri jibu. Mguu wangu ulikuwa bado umepinda.