Benchi la Waliotulia

Kila asubuhi Cherehani alianza kwa kulifuta dawati lake la nyuma, kisha akaifunga miguu yake kwa sweta. Lilikuwa dawati la watu watatu, lakini alilikalia peke yake. Akikaa kidogo tu, alihisi kama wadudu wanatembea ndani ya miguu, na hakupata nafuu mpaka aitikise. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu, walisema, anashona bila kitambaa.

Siku hiyo, kabla hajakaza fundo, mlango ulifunguliwa. Muuguzi aliingia na kasha la barafu.

"Mliorudisha karatasi za wazazi, nifuateni ukumbini," alisema. "Tunachunguza miguu isiyotulia. Mwili ukifanya kazi, ndani yake hutokea vitu vikali vinavyoweza kuula polepole, kama kutu inavyokula chuma. Dalili zake huonekana kwenye damu. Tunataka kujua kama wenye shida hii wanazo nyingi kuliko wengine. Wenye shida wakae benchi la kushoto. Waliotulia, kulia."

Karatasi ya Cherehani ilikuwa na sahihi ya shangazi yake, dobi aliyemlea. Aliitia huku pasi iko mkononi, bila kuuliza neno. Ni yeye aliyemhamishia mkekani mwezi uliopita, kutoka kitanda walicholalia pamoja.

"Unanipiga mateke kama punda," alimwambia.

Cherehani akajibu, "Sawa, shangazi. Mkekani pana nafasi."

Sasa, ukumbini, aliyatazama mabenchi mawili. Akaenda kulia.

"Ee! Leo Cherehani kaja kukaa na watu!" alisema kiranja wa darasa, kisha akasogea. "Njoo basi, tubanane."

Bega la Cherehani likagusana na la mwenzake. Lilikuwa na joto. Akaubana mguu wake kwa mikono miwili ili usimwaibishe.

"Jioni ukikaa, miguu hukusumbua?" muuguzi aliuliza, kalamu mkononi.

"Hapana."

Damu yake ikatiwa kwenye kichupa chenye kibandiko cha kijani, pamoja na vya waliotulia.

Kwenye benchi la kushoto alikuwapo mtoto mmoja tu, msichana aliyeitwa kutoka darasa la tatu, akisugua miguu. Alimtazama Cherehani, kisha akatazama sakafu. Cherehani aliijua sana sakafu ile; naye huitazama hivyo akichekwa.

Wenzake wakarudi darasani wakisukumana, lakini Cherehani akabaki. Muuguzi akaanza kufunga kasha.

"Umesahau nini, mwanangu?"

"Kichupa changu kiko pasipo pake." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Miguu yangu haitulii."

Muuguzi hakumgombeza. Alikitafuta kichupa, akabandua kibandiko cha kijani, akabandika cha njano, cha benchi la kushoto.

"Umetuokoa," alisema. "Tungeiweka damu yako upande usio wake, tungewaambia wagonjwa jambo lisilo la kweli. Na wewe ungebaki bila msaada. Huu si utundu. Daktari atakupima pia madini ya chuma, maana yakipungua huweza kuleta shida hii. Nitamwandikia shangazi yako."

Cherehani akaenda kukaa kushoto. Yule mdogo akamkazia macho.

"Na wewe, dada?"

"Na mimi."

Miguu minne ikatikisika pamoja.

Jioni shangazi aliisoma barua mara mbili, mpaka pasi ikapoa.

"Kumbe ni ugonjwa! Mbona hukusema, mwanangu? Maradhi yakifichwa, hukua. Ukweli hata ukiuma, ndio unaoleta dawa." Akakunja shati lililokwisha kukunjwa. "Na mimi nina kosa. Nilikufukuza kabla ya kukuuliza. Lakini mbona siku ile ulikubali upesi hivyo? Ulisema mkekani pana nafasi."

Cherehani aliutazama mkeka uliosimamishwa pembeni, na ukuta mtupu juu yake.

"Nilisema hivyo," alijibu. "Lakini sikutaka kulala peke yangu, shangazi."