Karatasi Iliyozidi

Sogea karibu, na kabla sijafungua mdomo niapie kwamba haya hayatatoka hapa. Usimwambie dada yako, usimwambie shoga yako, wala mumeo mkishazima taa. Mimi mwenyewe niliapishwa na mkunga wetu wa mtaa, nikaapa kwa mikono miwili, nikakaa na siri hiyo siku tatu nzima mpaka tumbo likaanza kuniuma. Siku ya nne nikamwambia jirani. Basi nawe sikiliza, ila ukiulizwa, mimi hunijui.

Ni habari ya Bi Sindano, yule mjane anayetengeneza vitabu nyumbani kwake. Chumba cha mbele ndicho karakana: meza ndefu chini ya dirisha, sindano zimechomekwa kwenye kipande cha sifongo, nyuzi zimepakwa nta, sufuria ya gundi ya unga wa ngano, na kibano cha mbao chenye skrubu mbili kubwa cha kukandamizia vitabu vikauke. Unampelekea kitabu kimeliwa na wadudu, mgongo umeachia, jalada linaning'inia kama jino la mtoto. Wiki mbili baadaye unakikuta kimesimama wima.

Kazi alifundishwa na mumewe, Fundi, Mungu amrehemu. Fundi alikuwa mtu wa taratibu mpaka anachosha. Kitabu kikiingia, mwenyewe anakalishwa kitini, karatasi zinahesabiwa mbele yake moja moja, idadi inaandikwa kwa penseli ndani ya jalada la nyuma. Kikitoka, zinahesabiwa tena mbele yake. "Kesho usije ukasema nimekula ukurasa wako," alikuwa akisema. Na karatasi kuukuu kwake haikutupwa. Kila kipande chakavu kililowekwa, kikapondwa kikawa rojo, likachanganywa na gundi ili kuziba matundu ya vitabu vingine. Bi Sindano aliyashika yote mawili kama sala.

Fundi alifia kizingitini kwake. Alasiri moja ya mvua, pumu ilimbana akiwa nje, mlango umekomewa kwa ndani. Mtaa mzima tuliambiwa mke alikuwa amelala fofofo, mvua inapiga bati, hakusikia kitu. Tukamlilia Fundi, tukamlilia na mjane wake.

Sasa hapa ndipo nilipoapishwa.

Bi Sindano hakuwa amelala. Mchana ule walikuwa wamegombana. Alipaka gundi ya dukani kwenye mgongo wa kitabu cha watu, ile ikikauka inakuwa ngumu kama kucha na kuvunja karatasi, na Fundi akamfokea mbele ya mteja. "Mikono hiyo ni ya kukatia mboga, si ya vitabu!" Mteja akacheka. Fundi akatoka kwenda kununua kitambaa cha majalada, na mkewe akatia komeo.

Aliporudi akabisha. Bi Sindano akabaki kitini, anaingiza uzi kwenye sindano.

"Abishe," akajisemea. "Leo ataniita kwa adabu ndipo nifungue."

Fundi hakuita. Pumzi ya kuita hakuwa nayo. Dawa yake ya kupuliza ilikuwa kwenye droo ya meza, karibu kabisa na goti la mkewe. Akabisha, akabisha, kisha akanyamaza. Bi Sindano alidhani amesusa, amekwenda kwa mama yake.

Na huyo mama yake, baada ya matanga, alikusanya virago vyake akahamia kwa mkwewe. Macho yake yameingia ukungu, haoni zaidi ya kivuli, lakini masikio yake, weee, anasikia sukari ikimwagika chumba cha pili. Bi Sindano hakuwa na mama, hakuwa na mtoto, hakuwa na ndugu wa kumtembelea. Huyu bibi ndiye aliyekuwa akimwita mwanangu. Walilala chumba kimoja, wakala sahani moja. Na kila siku mara moja, bila kukosa, bibi aliuliza kwa sauti ya chini:

"Hukusikia kabisa, mwanangu?"

"Sikusikia, mama. Nililala."

"Basi usijilaumu. Usingizi hauna mwenyewe."

Kisha alimpapasa kichwa. Bi Sindano alikuwa tayari kupoteza kila kitu duniani, lakini si mkono ule.

Mambo yalianza siku ya kawaida kabisa, jua limewaka, redio ya jirani inaimba. Alikuwa amemaliza kitabu cha ramani cha mwalimu mstaafu, kikuukuu kama mwenyewe. Akakihesabu peke yake kwanza, kama ada. Kilikuwa kimeingia na karatasi tisini na sita. Akapata tisini na saba.

Akahesabu tena. Tisini na saba.

Ilikuwa katikati, karatasi tupu, imeshonwa vizuri kwa mshono ambao si wake. Rangi ileile ya chai, na baka lilelile la maji pembeni. Kilichomkausha mate ni matundu ya wadudu. Wadudu walikuwa wametoboa kitabu kile miaka mingi iliyopita, na tundu lao lilipita ukurasa kwa ukurasa. Lilipita na kwenye karatasi ile ngeni, mahali palepale.

Akaikata. Na kwa kuwa mkono una mazoea yake, hakuitupa. Aliiloweka, akaiponda, akazibia nayo matundu ya vitabu viwili vilivyofuata.

Mwalimu akaja, wakahesabu, tisini na sita, akaondoka anachekelea. "Bi Sindano, kitabu hiki kimepata mke mwema, mimi ndiye niliyekosa."

"Nenda zako, mwalimu. Wewe hata gundi haikushiki."

Kitabu cha pili kilikuwa cha mkunga, kile cha mafunzo alichorithi kwa mama yake. Karatasi ilizidi moja. Hii haikuwa tupu. Ilikuwa na vibonyeo, vidogo vya mviringo, vimepangana vitatu vitatu, kana kwamba mtu aliigonga kwa kifundo cha kidole kutoka upande wa pili. Bi Sindano akapitisha kidole juu yake. Akakaa chini.

Akanong'ona, "Ni wewe?"

Nikwambie ukweli, hakuogopa kwanza. Alifurahi. Miezi saba alikuwa amelala upande wake wa kitanda bila kujigeuza. Akaiweka karatasi ile shavuni. Ilikuwa na unyevu, na baridi ya kitu kilichokaa mvuani.

"Nisamehe," akasema. "Fundi, nisamehe."

Ndani ya kibano, kitabu kilichokuwa kimebanwa skrubu zote mbili kikagonga.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Nani anabisha?" mama mkwe akauliza kutoka chumbani.

"Mimi, mama. Nagongagonga jalada."

"Mbona unagonga kama marehemu?"

Tangu hapo ikawa kila kitabu. Karatasi inazidi, anaikata, anaiponda, anaitia kwenye gundi. Ya nne ilikuja na mwandiko. Penseli, herufi zimelala kushoto, mwandiko ambao angeutambua hata akiwa amefumba macho. Neno moja tu. *Fungua.* Ya tano, *Fungua.* Ya sita, neno lilijazwa mbele na nyuma mpaka karatasi ikawa nyeusi.

Akazidi kuponda. Hakufikiri, maskini, rojo lile lilikuwa linakwenda wapi. Lilikuwa limeingia kwenye pembe za kitabu kingine alicholeta mwalimu, kwenye mgongo wa kitabu cha mkunga, kwenye vitabu vya nyumba kumi na moja za mtaa wetu. Alikuwa amemgawa mumewe nyumba kwa nyumba.

Mkunga ndiye aliyeanza kusema. Alasiri, mvua ikianza tu kunyesha, kabati lake linabisha. Kwa mwalimu hivyohivyo. Kwa fundi cherehani wa kona, kitabu chake cha mishono kilianguka chenyewe kutoka rafuni kikalala mbele ya mlango.

"Huyu mwanamke anatutilia nini kwenye vitabu?" fundi cherehani akauliza.

"Usimseme mjane," mkunga akamjibu. "Labda ni panya."

"Panya anayebisha hodi?"

Ikabaki kazi moja kubwa: kitabu cha mtaa. Kile cha waliozaliwa na waliofariki, anachokitunza katibu wa mtaa, mgongo wake ulishapasuka na kurasa za wazee wetu zilikuwa zinadondoka. Kilipokelewa mbele ya mashahidi na kingerudishwa mbele ya mashahidi. Karatasi mia mbili na nane. Bi Sindano alikishona wiki tatu. Gundi alipika mpya, kwenye sufuria mpya, na rojo lote la zamani alilimwaga uani. Asubuhi ya kukabidhi akahesabu mara nne. Mia mbili na nane. Mia mbili na nane. Alilia kwa raha. Akamwogesha mama mkwe, akamvalisha, akamkalisha kiti cha karibu na meza.

"Leo mikono yako ina moto, mwanangu," bibi akamwambia.

"Ni kazi kuisha, mama."

Saa nane wakaja. Katibu, mwalimu, mkunga, fundi cherehani na wengine waliokuja kuona tu, nisiwataje. Chumba kikajaa mpaka mlangoni. Nje mawingu yalikuwa yameshuka.

Katibu akavaa miwani akahesabu kwa sauti. Watu wakawa wanapiga miayo. Mia na hamsini. Mia mbili. Mia mbili na saba. Mia mbili na nane.

Akalamba kidole.

"Mia mbili na tisa."

"Umerukia mbele," Bi Sindano akasema haraka. "Macho yako, katibu. Lete, nihesabu mimi."

Mvua ikaanza. Tone moja kwenye bati. La pili.

Akakivuta kitabu kifuani, akawageuzia bega. Kidole gumba kikatembea kwenye kingo za karatasi, na kikaipata mara moja, maana ndiyo peke yake iliyokuwa imelowa. Kisu chake kidogo kilikuwa kwenye mkono wa blauzi. Anavijua vitabu, yule. Angeikata, angeikunja, angeiteremsha kifuani, na hakuna jicho lolote mle ndani ambalo lingeona.

Hakuna jicho lililoona. Mama mkwe alisikia.

"Nani anakata kitabu?"

Watu wakageuza shingo.

"Mwanangu," bibi akasema, "nani anakata kitabu?"

Wakamgeuza kwa bega. Kisu mkono wa kulia. Karatasi mkono wa kushoto, nusu imeshaingia ndani ya blauzi, inamtiririshia maji tumboni.

"Mwizi wa kurasa!" fundi cherehani akapaza sauti.

Mwalimu akaichukua ile karatasi taratibu, kama anavyochukua daftari la mtoto aliyefeli. Akaitazama, kisha akamtazama mama mkwe, akataka kuikunja.

"Soma," bibi akasema.

"Mama, si lazima..."

"Mimi siwezi kusoma. Nisomee."

Ilikuwa imechorwa mistari sawasawa na kurasa nyingine, yenye safu zilezile za kitabu cha mtaa. Mwandiko wa penseli, herufi zimelala kushoto. Mwalimu akasoma kwa sauti ya chini. Jina, la Fundi. Siku, ile tunayoijua. Mahali alipofia: mlangoni kwake. Akafika safu ya mwisho, ile ya shahidi, akasimama.

"Shahidi," akasoma. "Mke wangu, kitini, macho wazi."

Mvua ilikuwa imekaza sasa.

Bibi akanyoosha mkono hewani, akimtafuta mkwewe, mpaka akaupata uso wake. Akampapasa paji la uso, mashavu, kope zilizolowa.

"Ulilala, mwanangu?"

Angeweza kusema ndiyo. Mkunga ananiambia hata yeye moyoni alikuwa anamwomba aseme ndiyo.

"Hapana, mama."

Ule mkono ukabaki usoni pake kidogo. Kisha bibi akauondoa, akaurudisha mapajani mwake, akaufunika kwa mkono wa pili kama mtu anayetunza kitu cha marehemu.

Katibu, kwa kukosa la kufanya, akarudi kwenye kitabu. Akahesabu tena, midomo ikicheza tu bila sauti, mpaka mwisho. Akavua miwani. Akaiweka mezani.

Karatasi bado ilikuwa mkononi mwa mwalimu, wote wanaiona, inadondosha maji sakafuni.

"Mia mbili na tisa," katibu akasema.

Kitabu kile kimefungwa kamba mpaka leo, na hakuna aliyethubutu kutazama ile karatasi nyingine iliyozidi imeandikwa nini.