Barua ya Nyumba ya Kumi na Mbili

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi zao zote: chai ya kukimbizana, viatu vya kuvulika upesi, na foleni kwenye mlango wa mtu wasiyemjua, kutazama nyumba inayouzwa. Mke wa binamu yangu, fundi cherehani, alikuwa ameshavua viatu kwenye vizingiti kumi na kimoja. Alikuwa akisema siku akifa wamzike na soksi zake, maana zimekanyaga majumba mazuri kuliko ukoo wake wote.

Kwa miaka miwili yeye na mumewe, mwalimu wa hesabu ambaye wanafunzi walimbatiza Kipeo, waliishi chumba kimoja kwa mama mkwe, cherehani ikiwa miguuni pa kitanda. Kila nyumba waliyoipenda ilichukuliwa na mwingine. Moja waliikosa wakiwa bado wanapanda ngazi kwenda kuiona.

Hii ya kumi na mbili ilikuwa ndogo, safi, na chumba chake cha nyuma kilikuwa na mwanga wa kutungia uzi bila miwani. Foleni ilikuwa ya watu arobaini.

"Hii tukiikosa, mimi basi," fundi alimnong'oneza mumewe. "Sina tena moyo wa kupenda ukuta wa mtu."

Dalali aliwavuta pembeni. "Mwalimu, kwa bei hamuwawezi hawa. Mwandikieni mwenye nyumba barua, mumguse. Naye ni binadamu."

Barua walishaandika kumi na moja. Ya kwanza ilikuwa ukurasa mzima wa ukweli mtupu. Zilizofuata zikaanza kunenepa ahadi: paka tutamlisha, mti hatutaukata, dari ya bluu itabaki ya bluu. Jioni hiyo Kipeo alishika kalamu, mkewe akawa anatamka huku amefumba macho, amechoka mpaka kope.

"Andika hatutabadilisha kitu."

"Nimeandika."

"Andika, wote waliowahi kuishi humo, nafasi zao zipo palepale. Sisi tutajibana."

Kipeo akacheka. "Mke wangu, hapa sasa unaomba kura."

"Peleka hivyohivyo."

Jumatatu dalali alipiga simu. Hakuwa na ile sauti yake ya biashara.

"Mmepata. Hata mimi sielewi, bei yenu ndiyo ilikuwa ya chini kabisa. Mwenye nyumba kasoma barua, kauliza jambo moja tu. Wamesaini wote wawili?"

Walikuwa wamesaini wote wawili.

Wakahamia. Fundi aliweka cherehani chumba cha nyuma, akakaa, akalia kidogo kwa raha. Siku ya tatu, saa nane mchana, jua limejaa dirishani, alikuwa akikunja pindo la shati la shule aliposikia mtu nyuma yake akigeuka kitandani.

Chumba kile hakikuwa na kitanda.

Siku ya tano alimkuta Kipeo anapanga sahani mezani. Saba.

"Una wageni?"

Kipeo alizitazama kama hesabu iliyomshinda. "Sijui. Mkono umezizoea."

Kisha akaanza kupita koridoni kiubavu. Bega mbele, tumbo ndani. "Samahani," anasema. "Samahani, nipite." Koridoni hakuna mtu.

Fundi akampigia dalali. "Uza. Hata kwa hasara."

Jumamosi watu walikuja, foleni mpaka barabarani. Wa kwanza alikuwa mama mmoja mjamzito. Alivua viatu, akaingiza kichwa ndani, akarudi nyuma polepole.

"Samahani, dada," alinong'ona. "Wangetuambia tuje wakishaamka."

"Kina nani?"

Mama yule alikuwa ameshageuka. Aliondoka ameshika viatu mkononi.

Wa pili alichungulia, akaomba radhi, akafunga mlango taratibu kama unavyofunga palipolala watoto. Wa tatu hakufika kizingitini. Katika mji ambao watu waligombania hata banda la kuku, foleni ile iliyeyuka kabla chai haijapoa.

Fundi aliingia ndani. "Mume wangu, twende kwa mama. Sasa hivi."

Kipeo alikuwa amekaa ncha ya kochi. Ncha tu. Sehemu yote iliyobaki ilikuwa tupu, imebonyea.

"Tuliwaahidi," alisema kwa upole. "Nenda ukapumzike. Wamesema nafasi yako watakushikia."

Fundi alimvuta mkono. Mkono haukuvutika. Ulikuwa kama umeshikwa kutoka upande wa pili.

Akaenda peke yake. Mama mkwe alimtandikia kitanda kilekile, katika chumba kilekile. Asubuhi, fundi alipoinama kunawa uso, mama mkwe alimshika bega.

"Mwanangu. Nani kakupiga chaki?"

Mgongoni mwa gauni kulikuwa na mstari mweupe, toka bega hadi bega, umenyooka, na alama ndogo kila mwisho, vilevile anavyowawekea wateja wake anapowapima. Chaki zake zote alikuwa ameziacha kule. Waliufuta kwa kitambaa cha maji. Gauni likalowekwa, akavaa jingine.

Kesho yake mstari ulikuwa kwenye hilo jingine. Na chini yake kulikuwa na wa pili, wa kiuno.

Asubuhi ya tatu ulikuwapo wa urefu, kama wa mtu anayepimiwa nafasi yake ya kulala. Ulianzia shingoni. Ulikuwa umefika magotini.