Jina Lililobaki Jandoni

Ngumi ya kwanza ilitua kwenye taya la mwizi, ya pili ikamlaza juu ya magunia ya korosho. Stendi ya Masasi ikapiga yowe. Ashraf, kondakta wa basi la Newala, shati lake jekundu limechanika kwapani, akauokota mkoba na kumrudishia mwenyewe: Josephina, muuza mitumba, gauni la njano, nywele zilizotiwa dawa ya kalikiti, mtoto wa karani aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba.

Mkobani kilichungulia kitabu cha riwaya kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo.

"Kumbe na wewe kinakutesa?" Ashraf alicheka, huku akijifuta damu ya vidole. "Mimi nimekisoma chote, sijui nani mtoto wa nani."

"Basi tusaidiane, kaka. Nataka kumjua aliyemchinja yule tajiri."

Wakaanza kuwachunguza watu wa kitabuni mmoja mmoja: umri, kwao, makovu. Ashraf akilala Newala, alipiga simu kwenye duka lililopakana na kibanda cha Josephina.

"Haloo, kipenzi. Mjane ana miaka arobaini."

"Na Chilumba je? Kile kitoto chenye sikio lililoungua. Kinapotea sura ya tatu, kimekwenda wapi?"

"Hakijaenda popote. Ndiye Christopher."

"Mwongo we! Christopher anaingia sura ya nne, mwanamume mzima."

"Sikio lake likoje?"

Josephina akafunua haraka. Limeungua.

"Huku kwetu mvulana akitoka jandoni, jina la utotoni analiacha huko huko. Ukimwita kwalo ukubwani, umemtukana mbele za watu. Na tajiri, kabla ya kuchinjwa, alitamka 'Chilumba'. Mchinjaji umempata."

"Na wewe uliitwa nani?"

Ashraf alikohoa. "Uliza jingine, mpenzi."

Hakuuliza jingine. Alimbembeleza Pili wa Lisekese, shangazi yake Ashraf, kwa blauzi ya maua hadi akamnong'oneza. "Lakini usilitamke, mwanangu."

Josephina alidhani mpenzi anasamehewa yote. Jumamosi, Ashraf akining'inia mlangoni mwa basi, Josephina alimwita kwa jina lile, kwa sauti, huku akicheka. Halitaandikwa hapa.

Abiria wakageuza vichwa. Kisha Dunstan, kondakta wa basi shindani, akalidaka na kuliimba. Ashraf alimrukia. Spana ya magurudumu ikampasua Ashraf juu ya jicho. Kichwa cha Ashraf kikamng'oa Dunstan meno ya mbele. Walipotenganishwa, Ashraf alimtazama Josephina kupitia damu.

"Nilikufungulia mlango wa nyumba yangu, ukaniitia wezi."

Basi likaondoka. Simu ya dukani haikulia tena kwa ajili ya Josephina. Chakula kikamshinda. Mwishowe alipanda lori la chumvi hadi Newala, kwenye ukungu na baridi, kumwomba radhi kabla hajampoteza kabisa.

Aliyempokea stendi ni Dunstan, pengo nje. "Shemeji! Unamtafuta nani? Yule..." Akalitamka jina.

Josephina alichomoa chupa ya soda kwenye kreti na kumpasulia kichwani. Dunstan, damu ikimwingia machoni, akamkaba koo. Josephina akamng'ata mkono hadi akaonja chumvi. Ndipo mtu akamvuta Dunstan kwa nyuma na kumbwaga matopeni. Ashraf.

Askari alikuwa keshamshika Josephina kiwiko. "Huyu mwanamke wa nani? Unamfahamu?"

Ashraf akajifuta matope mikononi. Kidonda cha juu ya jicho kilikuwa bado kibichi.

"Nilikosa, Ashraf," Josephina alisema, pumzi juu juu. "Sitalitamka tena, hata nikiwa peke yangu. Ukitaka kunikana, nikane."

"Ni mchumba wangu, afande."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi." Akamgeukia. "Au unakataa?"

"Nimempasua mtu kichwa mchana kweupe, halafu unaniuliza?"

"Haya, posa mtamalizia kituoni," askari alisema. "Na wewe Dunstan, inuka."

Wakaenda wote wanne. Njiani Ashraf aliufungua mkono wa Josephina, akainamisha uso, na kwa meno yake akaanza kuchomoa vipande vya chupa.