Nilichokiona Chini ya Kilemba cha Mama

Nina miaka thelathini na nne, nauza mitumba ya watoto Temeke. Mteja akisimama mbele yangu najua ana shida au anapita tu... lakini kilichokuwa nyumbani kwetu sikukijua!

Nilianza kujinyonyoa nywele nikiwa darasa la sita. Mkono unapanda wenyewe, unachagua unywele mmoja, unang'oa... roho inatulia. Halafu unapanda tena. Mama alinipaka pilipili vidoleni, akanipeleka kwa mganga, akasema nina jini. Jini gani hilo lisilotaka dhahabu wala marashi, linataka nywele tu?

Niliolewa na mtandio kichwani. Mume wangu alipouona utosi, alisema angejua mapema angeomba apunguziwe mahari. Nilicheka naye, nikaenda kulia bafuni.

Kisha binti yetu Rehema, miaka saba, akaanza kung'oa kope. Mume akasema nimemwambukiza jini langu. Siku moja nikiwa sokoni akamhamishia kwa mama yake, Ukonga, akaaguliwe. Nilipomfuata nilimkuta kanyolewa kipara, ana chale mbichi utosini... Nikafukuzwa mlangoni!

Mwezi huohuo mama akafariki. Tulimwosha mie na mama mdogo. Tangu nizaliwe sikuwahi kumwona mama bila kilemba, hata akilala. Tulipokifungua... utosi mtupu kama wangu! Nilitazama mara mbili. Mahali palepale.

Nilimuuliza mama mdogo kwa kunong'ona kama alijua. Aliendelea kumimina maji.

"Na bibi yako alikuwa hivyohivyo."

"Mbona hamkuniambia, mamdogo?"

"Tungekuambia, nani angekuoa, mwanangu?"

Muosha maiti hasemi alichokiona. Siri hiyo huzikwa na mwenyewe. Lakini mwanangu alikuwa hai, anachanjwa! Baada ya matanga nikamwona daktari. Akaniambia ni maradhi, si jini. Huenda yanapita kwenye damu ya ukoo, ingawa si kila mtoto huyapata, na msaada wake upo.

Nikaenda Ukonga. Nikampa mama mkwe shikamoo yake, nikamweleza nilichokiona kwa mama yangu.

"Kumbe si jini," akasema. "Ni ukoo."

Jini hutolewa. Ukoo utautoaje? Akamwita mume wangu. Talaka nilipewa palepale sebuleni, na Rehema nikaambiwa nimchukue, maana ni mbegu ya kwetu.

Mie ninayeombaga punguzo hata kwenye fungu la mchicha, siku hiyo sikupatana bei. Nilimshika mwanangu mkono tukaondoka.

Rehema bado anang'oa. Tunakwenda kliniki pamoja. Kuna wiki kope zinarudi, kuna wiki hazirudi. Akiniuliza kwa nini yeye, navua mtandio, namwinamia aniguse utosi.

Wazazi wenzangu, nawasihi... kama kuna kitu kwenye ukoo wenu, mwambieni mtoto mkiwa na mdomo wa kusemea. Msimwache akakijue kwenye kitanda cha kuoshea!